Seva Iliyomjibu Kila Aliyeita

Mwaka ule watu walipokuwa wanavuka kwa wingi kutoka Burundi, mimi nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ndogo ya Kigoma mjini. Kazi ya ofisi ilikuwa kuwatafutia watu ndugu zao waliopotezana nao njiani. Nasema fundi kwa kuwa ndivyo kitambulisho changu kilivyosema. Ukweli ni kwamba nilikuwa na cheti cha miaka miwili, nikijua kubadilisha wino wa printa, kusafisha virusi kwenye flashi, na kupiga window, kama mafundi wa mitaani wanavyoiita kazi ya kuiwekea kompyuta mfumo mpya. Kilichokuwa na shahada ni mdomo. Nimezaliwa Ujiji, Kasingirima, babu yangu alivuka kutoka upande wa Kongo, na nyumbani kwetu ukichelewa kujibu unaulizwa kama unaumwa.

Ofisi ilikuwa na vyumba vitatu. Cha mbele alikaa mama masjala, mwanamke wa makamo kutoka Kasulu, Mha wa kanisani kabisa, mwenye miwani ya kamba na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Yeye ndiye aliyeshika orodha: nani kafika, yuko kambi gani, anamtafuta nani. Cha kati alikaa mkuu wetu, mama mwembamba asiyepandisha sauti hata akiwa anakufukuza kazi. Cha nyuma kilikuwa stoo, na humo nilikaa mimi na nyaya zangu.

Siku moja wafadhili wakatuletea seva. Lilikuwa dude zito, watu wawili kulibeba, linanguruma muda wote kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Mkuu akanieleza kilichotakiwa: ndani ya dude hilo moja nitengeneze mashine pepe nane, yaani kompyuta nane zisizo na mwili, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Moja ya orodha kuu, nyingine za kambi, nyingine za akiba. Zote ziwe na mfumo wa Linux. Nina wiki mbili.

"Hakuna shida," nikasema. Nimeshasema neno hilo mara nyingi maishani, na kila nikikumbuka nasikia aibu.

Nilianza kwa mkono. Kuweka mfumo ni kujibu maswali: lugha gani, saa za wapi, diski igawanywe vipi, nenosiri liwe lipi, mtandao uende kwa njia gani. Nikijibu, nikisubiri, nikijibu tena. Umeme nao ulikuwa na mambo yake, na ile betri ya akiba ya seva ilikuwa bado haijafika. Nikifika katikati, giza. Naanza upya. Baada ya siku tatu nilikuwa na mashine moja na nusu, na hiyo nusu nilikuwa nimeipa saa za nchi nisiyoijua iliko. Nilipiga meza kofi mpaka mama masjala akaja kuchungulia, akaniuliza kama nimeumwa na nge.

Jumatatu iliyofuata mkuu akaja stooni na mwanamume mmoja, umri wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi vizuri, kompyuta ya mapajani kaikumbatia kifuani. Alikuwa Mrundi. Kule Bujumbura alikuwa anatunza kompyuta za chuo kimoja, na sasa alikuwa anakaa kambini. Mkuu alikuwa amemwombea kibali cha kutoka kambini aje anisaidie siku za kazi. Usiku alilala mtaa wa Buzebazeba kwa familia ya kanisani kwao.

Nitasema ukweli, nilinuna. Nilijiona nimeletewa msimamizi. Nikamwonyesha mashine yangu moja na nusu bila kusema neno, na kwangu mimi hilo ni jambo kubwa. Yeye akaiangalia, akauliza kwa adabu, "Dada, haya maswali unayajibu wewe mwenyewe, moja moja?"

"Sasa anayajibu nani?"

"Tunayaandika majibu kwenye faili moja. Halafu tunakaa."

Hilo la kukaa ndilo lililonivuta.

Lakini kabla sijaeleza faili, nieleze kilichomleta, maana hakuja kwa ajili ya seva. Alikuja kwa ajili ya mama yake. Walitoka pamoja, yeye na mke wake na watoto na mama yake mzazi. Pale ufukweni Kagunga, watu wakiwa wamejaa hadi majini wakigombania nafasi ya meli ya kuja Kigoma, mkono wa mama yake ukatoka mkononi mwake. Meli ikaondoka. Mama hakuwemo kwenye meli ile wala kwenye ile iliyofuata. Yeye alikuwa ameshajaza fomu kwetu, jina kamili la mama yake, umri, kilima alikozaliwa. Kila alasiri, kabla ya kwenda Buzebazeba, alikuwa anapita chumba cha mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Bado?"

Mama masjala anaandika lile jina kwenye kompyuta yake, anabonyeza, anasubiri. Kompyuta inajibu haimjui mtu huyo. "Bado, mwanangu. Kesho." Na yeye anasema asante, anaondoka. Alikuwa anasimama upande wa nyuma wa skrini, maana sheria ya ofisi ilikuwa kali: anayetafuta ndugu haruhusiwi kuiona orodha, na mkimbizi hata akiwa fundi haruhusiwi kuigusa. Watu walikuwa wamekimbia vitu vya kutisha, na si kila anayemtafuta mtu anamtafuta kwa wema. Nilikuwa naielewa sheria hiyo, na bado kila alasiri ilinichoma.

Sasa faili. Alinifundisha hivi, na mpaka leo nafundisha wengine hivyohivyo. Mashine mpya isiyo na kitu kwenye diski inapoamka, haina pa kuanzia, kwa hiyo inapiga kelele kwenye waya wa mtandao: jamani, kuna mtu? Nipeni anwani, nipeni na cha kuanzia. Kama hakuna anayejibu, inanyamaza. Sisi tukaweka wa kujibu. Ile kompyuta yake ya mapajani tukaichomeka kwenye mtandao wa ofisi, na ruta tukaizuia isigawe anwani ili wasijibu wawili. Mashine ikipiga kelele, kompyuta yake inaipa anwani, inaipa kipande cha kuanzia, kisha inaisomea faili la majibu. Lugha hii, saa za Dar es Salaam, nenosiri hili, na kwenye swali la diski jibu ni moja: futa yote, anza upya. Mashine inajijenga yenyewe, inajizima, inajiwasha, imekuwa mtu mzima. Wewe unakunywa chai.

Mara ya kwanza ilikwama. Mara ya pili ikakwama kwa sababu nilisahau alama moja kwenye faili, na alinionyesha kosa bila kunicheka, jambo ambalo mimi nisingeweza. Jumatano ya wiki iliyofuata, asubuhi, betri ya akiba ikiwa imeshafika, tukaziamsha zote nane kwa pamoja. Mistari myeupe ikaanza kuteremka kwenye skrini. Hakuna aliyegusa kibodi. Kabla chapati hazijaisha, mashine nane zilikuwa zimesimama, kila moja na jina lake: kambi-01, kambi-02, hadi kambi-08. Majina zilijipa zenyewe, kwa kufuata zamu ya kuita.

Niliruka. Nilimwita mama masjala aje aone, akaja, akaangalia seva, akasema haoni kompyuta hata moja. Nikamwambia ziko nane humo. Akasema basi na yeye ana watoto kumi humo mfukoni. Mrundi wetu alicheka mpaka akavua miwani, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka.

Alasiri ile, kabla hajakwenda kuuliza "bado", akanipa kazi moja. Kila kadi ya mtandao ina namba yake ya kuzaliwa, ndefu, herufi na tarakimu zimechanganyika. Akataka niandike namba za mashine zetu nane kwenye kompyuta yake, ili ijibu hizo tu, nyingine yoyote ikiita isijibiwe.

"Leo?" nikasema. "Namba nane ndefu hivyo? Kaka, na kambi zikileta mashine nyingine wiki ijayo, nianze tena? Iache ijibu yeyote. Hapa kwetu mtu akipiga hodi anakaribishwa kwanza, shida yake ataulizwa akishakaa."

"Kwetu pia ni hivyo," akasema. "Lakini hii haiulizi shida, dada. Inafuta."

"Nitaandika kesho."

Alinitazama kidogo, akasema sawa. Alikuwa mgeni, na mgeni hamgombezi mwenyeji.

Kesho yake, Alhamisi, sikuandika. Asubuhi nilikuwa napokea pongezi. Mkuu alikuja kuziona mashine, akasema kazi nzuri, na kwa mkuu wetu hiyo ni sawa na kupigiwa ngoma. Akatuambia na ratiba: Jumamosi gari linakwenda Kibondo na orodha mpya zikabandikwe kwenye mbao za kambi, kwa hiyo Ijumaa tutahamisha orodha kutoka kompyuta ya mama masjala kwenda kambi-01.

Saa saba umeme ukakatika. Kila mtu akatoka kwenda kula. Mimi nilikuwa na migebuka ya kukaanga niliyobeba kutoka nyumbani, nikabaki.

Hapa nieleze desturi ya ofisi yetu. Kompyuta za ofisi zilikuwa mitumba ya Ulaya, za taratibu mno. Ukibonyeza kuwasha, zinaandika maneno meupe ambayo hakuna aliyeyasoma, zinatafakari dakika nzima, ndipo zinaendelea. Kwa hiyo umeme ukirudi, aliyepo ofisini anazunguka na kuwawashia wakubwa, ili wakute kompyuta zimeshaamka. Ilikuwa heshima, kama kumnawisha mtu mikono. Kutomwashia mama masjala ilikuwa ni sawa na kumpita njiani bila shikamoo, na angekukumbusha.

Umeme ukarudi. Nikafuta mafuta vidoleni, nikaenda chumba cha mbele, nikambonyezea mama yetu kompyuta yake. Nikarudi kumalizia samaki.

Yale maneno meupe, nilikuja kuyasoma baadaye, yalikuwa yanasema hivi: kompyuta kwanza inauliza kwenye waya kama kuna mtu wa kuipa cha kuanzia. Miaka yote ilikuwa inauliza hivyo kila siku, haijibiwi na mtu, inakata tamaa na kuingia kwenye diski yake. Hata asubuhi zile mama alikuwa anaiwasha kabla Mrundi hajafika na ya kwake. Mchana ule ilijibiwa.

Mama masjala alirudi, akakaa, akafuta miwani yake. Baada ya kitambo nikasikia, "Mwanangu, njoo. Hii imekuwa na adabu mpya."

Skrini ilikuwa nyeusi. Juu kushoto kulikuwa na mstari mmoja mweupe ukipepesa, ukisubiri mtu aandike jina aingie. Mbele yake kompyuta ilikuwa imejitambulisha: kambi-09.

Nilimwita Mrundi wetu. Alikuja, akasoma, akainama akaangalia waya unaoingia nyuma, akanyoosha mkono akauchomoa, ingawa haikusaidia tena. Akaketi palepale sakafuni, shati lake la pasi na vumbi la masjala. Orodha ilikuwa imefutwa. Nakala ya mwisho kwenye flashi ilikuwa ya wiki saba nyuma, na hizo wiki saba ndizo zilizoleta watu wengi kuliko zote. Nilikuwa nalijua analowaza. Kama mama yake alikuwa amefika, alifika ndani ya wiki hizo.

Mkuu akatoka chumbani kwake. Akaona skrini, akaona mtu sakafuni, akaona ile kompyuta ya mapajani inawaka stooni. Macho yake yakatulia kwa Mrundi. "Mashine yako ndiyo imefanya hivi?"

Yeye akasimama. Akasema, "Ndiyo, mama." Hakuongeza kitu.

Nakiri kwamba kuna neno lilinijia mdomoni, nalo ni umeme. Ningesema umeme ulirudi kwa nguvu, na Kigoma nzima ingeniamini. Lakini yule mtu angerudishwa kambini siku ileile, kibali kingefutwa, na kila alasiri hakuna mtu angepita kuuliza "bado".

"Ni mimi," nikasema. "Aliniambia nifunge, nikasema kesho. Na kompyuta ya mama nimeiwasha mimi kwa kidole changu." Nikaanza kulia, kilio kibaya cha kukwaruza, na harufu ya samaki mikononi.

Mkuu akanisikiliza mpaka mwisho. "Utalia Jumapili," akasema. "Kadi ziko wapi?"

Tukamgeukia mama masjala. Yeye, katika tafrani yote ile, alikuwa hajainuka kitini. Akafungua pochi yake taratibu, akatoa ufunguo, akautikisa. Tangu nianze kazi nilikuwa namtania kwamba anaandika kila mtu mara mbili, kwanza kwa kalamu kwenye kadi ya manila, halafu ndipo kwenye kompyuta. Nilimwita mama wa enzi za mkoloni. Sasa akafungua kabati lake, na mle ndani kulikuwa na maboksi ya viatu, yamepangana, kila moja na wiki yake.

"Hizi," akasema, "hazijui kuita mtu kwenye waya." Nilistahili.

Kazi ikawa kuingiza wiki saba upya kabla ya Jumamosi. Kwanza niliandika zile namba nane, moja moja, na hakuna aliyeniambia. Kisha tukagawana. Mkuu angenisomea mimi, niandike. Mama masjala naye alihitaji mwandishi mwingine, na kuandika majina ya vilima vya Burundi kunataka mtu anayevijua. Mkuu akasimama muda mrefu akiangalia dirisha. Alikuwa anaiangalia sheria yake. Halafu akaleta karatasi ya kiapo cha siri, akaiweka mbele ya Mrundi. Yeye akasaini. Mkuu akamwambia, "Utaandika unachosomewa. Hutauliza kitu."

"Sitauliza, mama."

Tulifanya kazi mpaka adhana ya magharibi, na Ijumaa tukaanza tena mapema, meza mbili zimetazamana. Itaonekana ajabu nikisema ilikuwa furaha, lakini ilikuwa. Mama masjala alisoma kama anasoma matangazo ya kanisani. Akikuta mtu aliyekutana na nduguye anapiga kadi busu, akikuta mwandiko wake mwenyewe hausomeki anailaumu kalamu. Mrundi wetu aliandika upesi kuliko yeye alivyosoma, akawa anamsubiri, na mama anamwambia asimkimbize, yeye si meli. Hata mimi nilicheka.

Karibu na adhuhuri, boksi la tano, mama masjala akachukua kadi nyingine. "Nyina wa fulani," akasoma, yaani mama wa fulani, akataja jina la huyo mtoto. Watu wengi wazima wa kule walijiandikisha hivyo, hata Waha wa kwetu hufanya. Mwanamke akishazaa, jina lake linabaki kwenye cheti, mdomoni mwa watu anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. "Mwanamke. Miaka sitini na kitu." Akataja kilima. "Kovu la moto, mkono wa kushoto. Kambi ya Kibondo. Anayemtafuta: amekataa kutaja."

Kibodi ya upande wa pili ikanyamaza.

Mama masjala akasubiri. "Nimekwenda mbio leo?"

Mrundi wetu alikuwa ameshika ukingo wa meza. Aliapa hatauliza, na hakuuliza. Alisema tu, sauti ya chini, "Kovu hilo ni la uji. Linaanzia kidole gumba, linazunguka hadi kwenye kiwiko. Nilikuwa mgongoni mwake."

Mama masjala akaigeuza kadi. Nyuma, kwa kalamu yake mwenyewe, alikuwa amechora mkono, na mstari unaoanzia kidole gumba. Akaisogeza kwa mkuu.

Mkuu akasoma mbele, akasoma nyuma, akairudisha. "Na huyo mtoto aliyetajwa?"

"Kaka yangu mkubwa," akasema. "Alifariki mdogo. Mimi sikumwona. Kule kilimani mama aliitwa kwa jina lake siku zote. Tulipohamia mjini watu wakaanza kumwita kwa jina la kanisani, nikasahau kwamba aliwahi kuitwa hivyo." Akajifuta uso kwa kiganja. "Fomu ilitaka jina kamili. Nikaandika la kwenye cheti."

Kwa hiyo alikuwemo. Wiki zote zile yule bibi alikuwemo kwenye kompyuta ya chumba cha mbele, na mwanawe kila alasiri alikuwa anasimama nyuma ya skrini, hatua mbili, anaambiwa bado. Kompyuta haikusema uongo. Iliulizwa jina ambalo haikupewa. Mama masjala, ambaye mkono wake ndio ulioandika kadi ile, alikaa na kadi mapajani akasema, "Nisamehe, mwanangu," akarudia, na yeye akawa anamwambia hapana, mama, hapana, na mimi kwa mara nyingine nikaanza kulia kabla ya Jumapili. Mkuu akaenda chumbani kwake kupiga simu. Mlango aliufunga, lakini tulimsikia akipenga kamasi.

Jumamosi gari likaondoka alfajiri. Mkuu alinipa nafasi nikabandike orodha, na kwa kuwa ndugu wakipatikana kadi lazima ijazwe upya na wahusika wenyewe, nikabeba na kompyuta. Mrundi wetu alikaa mbele. Alikuwa amenunua kitenge soko la Mwanga, na mama masjala alikuwa amempa chupa ya mawese na furushi la dagaa, vimefungwa kwa kamba kama vinakwenda Ulaya. Mpaka Kasulu hakusema neno. Baada ya Kasulu akaanza kuongea na hakunyamaza. Akatueleza jinsi mama yake anavyopika maharage, jinsi alivyokuwa anamchapa, jinsi asivyopenda radio. Dereva akaniambia nimepata wa kufanana naye.

Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kambi, kibibi kidogo, kanga mbili, miguu haifiki chini. Alipomwona mwanawe hakukimbia wala hakupiga kelele. Alisubiri afike, apige magoti mbele yake, ndipo akamshika masikio yote mawili kwa mikono miwili, akavuta uso wake karibu, akauangalia upande mmoja, akauangalia upande wa pili. Kisha akamwambia amekonda. Mtu mzima yule akaweka kichwa mapajani kwa mama yake, na mgongo wake ukatikisika. Mimi nilijifanya nafungua kompyuta.

Walipotulia nikasogea na kigoda. Nikamwamkia. Kirundi na Kiha vinasikilizana, na Kiha cha sokoni ninacho. Nikamweleza kwamba kadi yake ya kwanza tutaifunga, tuandike nyingine. Mwanawe akamwambia huyu ndiye dada aliyefuta majina yote. Bibi akanitazama kwa makini, akasema basi safari hii niandike polepole.

Nikamwomba jina. Akavuta kanga, akalisema jina lake mwenyewe, lote, la kuzaliwa na la ubatizo. Mwanawe aliinamisha macho chini, kama mtoto anavyopaswa jina la mzazi likitajwa. Sitaliandika hapa, ni lake. Nikaandika umri, kilima, kovu. Nikafika pale pa anayemtafuta, palipokuwa pamemshinda kila mwenye kalamu.

Nikamuuliza kwanza kwa nini alikataa. Akanijibu bila chuki kwamba kule alikotoka aliwaona watu wakija na karatasi za majina, na aliyekuwa kwenye karatasi hakuonekana tena. Kwa hiyo alijitaja yeye na mtoto aliyekwishakufa, ambaye hakuna wa kumdhuru. Huyu aliye hai alimficha. Alikaa wiki zote zile kwenye kambi ya watu asiowajua, anamtaka mwanawe usiku na mchana, na kila alipoulizwa anamtafuta nani alifunga mdomo.

Nilitaka niliruke swali lile. Lakini nafasi yake kwenye kompyuta hairuhusu kuachwa wazi, nilikuwa nimeitengeneza hivyo mwenyewe, kwa hiyo ikabidi niulize.

"Unamtafuta nani, mama?"

Mkono wake ulikuwa kichwani kwa mwanawe. Akafikiri kidogo.

"Simtafuti mtu," akasema. "Andika hakuna."

Nikaandika.